Hospitali Isiyojikosoa Haiwezi Kuponya

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma.



Mada ya leo ni utafiti wa tiba unaofanywa ndani ya hospitali, kuanzia chumba cha upasuaji ambamo mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, hadi kitanda ambacho mgonjwa asiyeweza kupona humalizia siku zake. Wengi hudhani kwamba hii ni mada ya madaktari peke yao. Dhana hiyo yafaa ing'olewe kwanza. Daktari ndiye atoaye dawa, lakini mtumishi wa umma ndiye apangaye fungu la fedha za kuinunua, na mwalimu ndiye aulizwaye na mzazi kijijini kama ni salama kutia sahihi karatasi iliyoletwa na watafiti. Ikiwa hao wawili hawaelewi utafiti ni kitu gani, taifa litakuwa na hospitali nyingi, lakini halitakuwa na njia ya kujua ni wapi zinaponya na ni wapi zinadhuru.

Kila kazi ina mazoea yake. Mkulima aliyepanda mbegu mbovu huonyeshwa kosa lake na shamba wakati wa mavuno. Seremala aliyepima vibaya huonyeshwa na mlango usiofunga. Kosa la tiba halijitokezi waziwazi namna hiyo. Mgonjwa akipona, dawa husifiwa, hata kama angepona bila ya dawa hiyo. Akifa, ugonjwa hulaumiwa, hata kama dawa ndiyo iliyomsukuma kaburini. Daktari hodari, mwenye moyo safi na uzoefu wa miaka 30, aweza kulirudia kosa moja maelfu ya mara asilione, kwa kuwa hawezi kumtibu mtu yule yule mara mbili, safari moja kwa dawa na safari nyingine bila dawa, kisha akalinganisha.

Utafiti umewekwa ili kuziba upungufu huo. Wagonjwa wengi wenye hali moja hugawanywa katika makundi. Kundi moja hupata tiba iliyozoeleka, na jingine hupata tiba inayotaka kujulikana. Kisha waliopona, waliodhurika na waliokufa huhesabiwa kwa uaminifu. Mgawanyo hufanywa kwa kura, kwa sababu daktari akiachiwa kuchagua, aweza bila kukusudia kuwapa tiba mpya wale anaowatarajia kupona, na hesabu yote ikaharibika. Kura haimjui tajiri wala maskini, mwenye nguvu wala dhaifu.

Katika lugha ya siasa jambo hili lina jina linalofahamika: kujikosoa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza ubabe na majivuno katika uongozi. Hospitali nayo ina ubabe wake, nao ni kusema kwamba tiba fulani ni sahihi kwa sababu mkubwa fulani ameitoa siku zote. Utafiti humvua mkubwa huyo joho lake na kumwuliza ushahidi.

KARATASI MOJA YA IFAKARA

Yafaa kuanzia katika chumba cha upasuaji. Mtu aliyelazwa kwa nusukaputi hawezi kusema kwamba anakatwa mguu usio wake, wala kwamba dawa anayodungwa humdhuru, wala kwamba hewa haimfikii. Uhai wake wote umo mikononi mwa wengine, na wengine hao ni binadamu wanaosahau.

Kuanzia Oktoba 2007 hadi Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika hospitali nane za miji minane duniani. Miongoni mwa miji hiyo ilikuwamo London, Toronto na New Delhi, na pamoja nayo Ifakara, katika Mkoa wa Morogoro. Kilichojaribiwa hakikuwa mashine wala dawa ya gharama. Ilikuwa ni karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikisha. Kabla ya usingizi, mgonjwa atambuliwe kwa jina, mahali pa kupasuliwa pathibitishwe, mashine na dawa za nusukaputi zikaguliwe, na kipimo cha oksijeni katika damu kifungwe kidoleni. Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, na dawa ya kuzuia vijidudu iwe imetolewa katika dakika 60 zilizopita. Kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, vyombo, sindano na vitambaa vihesabiwe.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kabla ya karatasi hiyo, wagonjwa waliokufa baada ya upasuaji walikuwa asilimia 1.5, baada yake walikuwa asilimia 0.8. Waliopata madhara makubwa walishuka kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Ifakara ilisimama sawa na London katika kuufundisha ulimwengu.

Hata hivyo, mtu mwaminifu hasimulii nusu ya habari. Utafiti ule haukutumia kura. Ulilinganisha siku za kabla na siku za baada. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya hospitali 101 za jimbo la Ontario, nchini Kanada, ambako karatasi hiyo ilikuwa imeagizwa kutumika. Huko haikuonekana tofauti ya maana katika idadi ya vifo. Wataalamu wengi walieleza kwamba karatasi inayojazwa kwa kutimiza amri tu, bila watu kusemezana, haiokoi mtu. Watumishi wa umma wanaijua hali hiyo kuliko wengine wote, kwa kuwa maofisini mwao zimo fomu nyingi zilizojazwa vizuri na kazi ikabaki palepale.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao kwa jumla walikuwa vijana kuliko wale wa nchi tajiri, lakini kiwango chao cha vifo kilikuwa karibu mara mbili ya wastani wa dunia. Zaidi ya tisa katika kila kumi waliokufa hawakufa siku ya upasuaji; walikufa katika siku zilizofuata. Fikira ya haraka ilikuwa kwamba wagonjwa walio katika hatari wakiangaliwa kwa karibu zaidi wodini, vifo vitapungua. Fikira hiyo nayo ilipelekwa kwenye jaribio katika mamia ya hospitali za Afrika, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba vifo vilipungua. Kumbe hata wazo linalopendeza akilini, lisilopingwa na mtu katika kikao, halina budi kupimwa kabla ya kugeuzwa kuwa amri ya nchi nzima.

WATOTO WA MUHEZA, KILIFI NA MBALE

Mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki unatoka wodi ya watoto. Kila aliyewahi kumpeleka mtoto mwenye homa kali hospitalini anajua faraja ya kuona dripu imetundikwa. Mtoto amelegea, mikono na miguu imekuwa ya baridi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, anahema kwa shida. Hizo ni dalili kwamba damu haimfikii vizuri mwilini. Vitabu vya tiba vya nchi tajiri vilifundisha kwa miaka mingi kwamba mtoto wa namna hiyo atiliwe maji mengi mshipani kwa haraka ili mzunguko wa damu urudi. Mafundisho hayo yalionekana kuwa ya akili kabisa. Lakini hayakuwa yamepimwa kwa kura mbele ya kundi la watoto wasiopewa maji hayo ya haraka.

Mwaka 2009 swali hilo liliulizwa katika hospitali sita: Muheza nchini Tanzania, Kilifi nchini Kenya, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Utafiti huo uliitwa FEAST. Uliwahusu watoto wa umri wa siku 60 hadi miaka 12 waliokuwa na homa kali, waliopungukiwa fahamu au kuhema kwa taabu, na wenye dalili za damu kutowafikia vizuri. Kura iliwagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa kwa haraka maji yenye albumini, yaani protini ya damu. La pili lilipewa kwa haraka maji ya chumvi. La tatu halikupewa maji ya haraka, bali maji ya polepole ya kumtunza mtoto tu. Wote walipata dawa nyingine zilizohitajika, na damu kwa waliopungukiwa damu.

Ilikusudiwa kuandikisha watoto 3,600. Januari 2011, walipofika 3,141 katika sehemu kuu ya utafiti, kamati huru iliyokuwa ikichungulia hesabu kwa siri ilishauri uandikishaji usimamishwe. Katika saa 48 za kwanza, walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini kwa haraka na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka. Katika kundi lisilopewa maji ya haraka walikufa asilimia 7.3. Maana yake ni kwamba katika kila watoto 1,000 waliotibiwa kwa njia iliyoaminiwa, takriban 33 zaidi walikufa. Tofauti hiyo ilikuwapo bado baada ya wiki nne.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wengi walitarajia mjadala uwe juu ya maji ya aina gani yanafaa zaidi. Ikaonekana kwamba haraka yenyewe ndiyo iliyodhuru. Wako waliosema huenda ni kwa sababu watoto wengi walikuwa na malaria, au upungufu wa damu. Hesabu zikachambuliwa upya kundi kwa kundi, na halikupatikana kundi hata moja lililofaidika. Wako waliosema labda maji yalijaa mapafuni. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vilivyozidi vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kufanya kazi. Mwaka 2017 utafiti uliofanywa Lusaka, nchini Zambia, ukatoa habari ya watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka: katika waliopewa maji mengi kwa mpango wa haraka walikufa asilimia 48.1, na katika waliopewa huduma ya kawaida asilimia 33.

Hapa hapana budi kutoa angalizo, kwa maana habari nusu ni hatari. Utafiti wa FEAST haukuwahusu watoto wanaoharisha wakaishiwa maji mwilini, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha anahitaji maji, na mzazi asimkatalie mtoto wake dripu kwa kusikia mazungumzo haya. Kinachosemwa ni kwamba ugonjwa mmoja usitibiwe kwa kanuni ya ugonjwa mwingine.

Liko jambo jingine la kujivunia. Hospitali hizo hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi vyenye mashine kama za nchi tajiri. Wauguzi na madaktari walipewa mafunzo ya kumtambua mtoto aliye katika hatari mara afikapo mlangoni, na vifaa vya msingi vikapatikana. Vifo kwa jumla vikawa vichache kuliko ilivyokisiwa wakati wa kupanga utafiti, hata ikabidi idadi ya watoto watakaoandikishwa iongezwe ili hesabu itoshe. Kuangaliwa vizuri peke yake kuliwafaa watoto wa makundi yote matatu.

Tena utafiti haukatazi tu, huleta pia. Hospitali ya Muheza hiyo hiyo, pamoja na ya Korogwe, ilishiriki katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2010, uliolinganisha kwinini na dawa ya artesuneti kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri artesuneti itumike kwa watoto wenye malaria kali. Wilaya moja ya Mkoa wa Tanga, chini ya milima ya Usambara, imesaidia kuondoa tiba moja iliyodhuru na kuingiza nyingine iliyookoa. Ni wanafunzi wangapi wa Tanga wamepata kuambiwa habari hiyo darasani?

KITANDA CHA MWISHO

Mahali pa tatu ni pale ambapo uponyaji haupo tena. Mazoea ya huko ni mawili, na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni kumpeleka mgonjwa huku na huko kutafuta tiba hata siku yake ya mwisho, huku mali ya jamaa ikiteketea. La pili ni kumwambia "hapana la kufanya tena," na kumrudisha nyumbani akalie maumivu gizani.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa na jamaa zake, ilidharauliwa kwa muda mrefu kama kazi ya huruma isiyo na sayansi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa mjini Boston, Marekani, kwa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Wote walipata tiba ya kawaida ya saratani. Nusu yao, kwa kura, walipewa pia tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopewa tiba shufaa walikuwa na hali njema zaidi ya maisha na huzuni kidogo, na wachache zaidi kati yao walisukumiwa tiba nzito katika siku za mwisho. Tena waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa wastani wa kati, dhidi ya miezi 8.9. Wale waliodhani kwamba kumtuliza mgonjwa ni kumkatia tamaa walijibiwa kwa hesabu.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo imechangia. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Mombasa kwa wagonjwa 120 waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambamo tiba shufaa ilitolewa na wauguzi. Kwa upande wa maumivu, ambalo ndilo lililokuwa swali kuu, haikuonekana tofauti kubwa kati ya makundi. Kwa upande wa utulivu wa moyo na akili, walioangaliwa na wauguzi hao walipata nafuu zaidi. Watafiti waliyatoa yote mawili, lile walilolitarajia na lile lililowakatalia, na hiyo ndiyo alama ya kazi safi.

Maumivu makali yana dawa yake, nayo ni mofini. Uganda ilionyesha njia. Huko, mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona, na mofini ikachanganywa kutoka unga hadi kuwa dawa ya maji ya kunywa, ya bei nafuu. Mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa sababu madaktari ni wachache na maumivu hayasubiri. Uamuzi huo haukufanywa chumba cha wagonjwa. Ulifanywa mezani pa watumishi wa umma. Kalamu ya ofisa wa wizara yaweza kumpa usingizi mama mwenye saratani, au kumnyima.

MGONJWA SI PANYA WA MAABARA

Wananchi wakiusikia utafiti, wengi huogopa, na hofu hiyo haikuzuka bure. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwatazama mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu wala kuwaeleza ukweli, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa ni tiba. Mwaka 1996 mjini Kano, nchini Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa kwa watoto 200. Swali la kama wazazi walielezwa ipasavyo na kuridhia lilifika mahakamani, na mwaka 2009 kampuni hiyo ilikubaliana na Jimbo la Kano malipo ya dola milioni 75. Mwananchi anayeuliza kabla ya kutia sahihi si mjinga wala si adui wa maendeleo.

Kwa hiyo utafiti una masharti. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na madaktari wa dunia mwaka 1964 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, linaweka maslahi ya mgonjwa mbele ya maslahi ya sayansi. Kura ni halali pale tu wataalamu wanapokuwa kwa kweli hawajui tiba ipi ni bora. Ridhaa iwe ya hiari, kwa lugha anayoielewa mgonjwa, naye awe huru kujitoa bila kunyimwa matibabu. Kamati ya maadili isiyo na upande iukubali mpango kabla ya kuanza, na kamati nyingine huru iwe na mamlaka ya kushauri usimamishwe.

Katika tiba za dharura masharti haya huwa mazito zaidi. Mama aliyefika mbio na mtoto anayekata roho hawezi kusomewa kurasa kumi. Katika utafiti wa FEAST uliwekwa utaratibu wa hatua mbili: mzazi aliyekuwa katika hali hiyo aliombwa kwanza ridhaa fupi ya mdomo, kisha hali ilipotulia akaelezwa yote na kuombwa ridhaa kamili. Wapo waliouunga mkono utaratibu huo na wapo walioutilia shaka. Mjadala huo si wa wageni wala wa wataalamu peke yao. Ni wa wazazi wa Muheza na Kilifi kwanza, na shuleni ndipo mahali pa kuwaandaa kuushiriki.

Tanzania iliianzisha kwa sheria ya mwaka 1979 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Kenya ilipata taasisi yake ya namna hiyo mwaka huo huo. Nchi hizo zilitambua mapema kwamba taifa lisilo na chombo chake cha kuuliza maswali litajibiwa maswali ya wengine. Ni kweli kwamba tafiti nyingi kubwa zimegharimiwa na fedha za nje. FEAST yenyewe iligharimiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Fedha hizo zimefanya kazi njema. Lakini anayelipa ndiye mara nyingi huchagua swali, na maradhi yasiyo na mlipaji hukaa bila kuulizwa. Mwaka 2008, katika mkutano wa mawaziri uliofanyika Bamako, nchini Mali, serikali za nchi zinazoendelea zilihimizwa kutenga angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya kwa ajili ya utafiti. Kila mtumishi wa umma anayeandaa makadirio ya fedha anao uwezo wa kuuliza ahadi hiyo imefikia wapi katika vitabu vyake.

WAJIBU WA MTUMISHI NA WA MWALIMU

Utafiti usiotekelezwa ni deni kwa wafu. Matokeo ya FEAST yalichapishwa mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kuhusu watoto mahututi mwaka 2016, likisema kwamba watoto wenye dalili chache za damu kutowafikia vizuri, wasio katika mshtuko kamili, wasipewe maji ya haraka, na kwamba hata walio katika mshtuko kamili wapewe kwa kiasi na kwa uangalifu. Ilipita miaka mitano. Kati ya kitabu cha Geneva na wodi ya wilaya kuna safari nyingine tena: waraka haujatafsiriwa, semina haijafanyika, muuguzi wa zamu ya usiku anafuata alichofundishwa chuoni zamani. Kila mwezi wa kuchelewa una majina ya watoto.

Mtumishi wa umma anao wajibu wa aina tatu. Kwanza, ahakikishe kwamba utafiti unaoingia wilayani kwake una kibali na unajibu swali ambalo wananchi wanalo. Pili, adai kwamba matokeo yarudishwe kwa Kiswahili kwa watu waliotoa miili yao na watoto wao, wala yasiishie katika majarida ya ng'ambo na kabati za ofisi. Tatu, awe mwepesi wa kubadili waraka pale ushahidi unapobadilika, asione haya kwamba waraka wa zamani ulitiwa sahihi na mkubwa wake.

Mwalimu naye anayo kazi ambayo hakuna daktari awezaye kuifanya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wa vijijini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Waliongozwa na watu wa kwao waliofundishwa kuongoza mjadala. Njia hiyo ya kufundisha haijapitwa na wakati. Mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuelewa kwa nini kura ni ya haki, na kwa nini mtu mmoja aliyepona si ushahidi. Aweza kuzigawa mbegu za maharage katika matuta mawili, akaweka mbolea katika moja na kuacha jingine, akahesabu mavuno. Siku atakapokuwa mzazi mbele ya karatasi ya watafiti, atajua la kuuliza: swali lenu ni lipi, mtoto wangu atapata nini, hatari ni ipi, nani amewaruhusu, naweza kukataa, na matokeo mtayaleta lini?

Kuuliza si ujinga. Mwananchi anayeuliza maswali hayo hamzuii mtafiti mwaminifu. Anamlinda, na anamfukuza mdanganyifu.

Ndugu Mwenyekiti, watoto wa Muheza, wa Kilifi, wa Mulago, wa Mbale, wa Soroti na wa Lacor walioandikishwa kati ya mwaka 2009 na 2011 hawakuwa na uchaguzi wa kuugua. Wazazi wao walikubali waingizwe katika kura, na kwa kukubali huko dunia ikajua jambo ambalo vitabu vyake havikulijua. Malipo wanayostahili ni kwamba katika kila zahanati, kituo cha afya na hospitali, muuguzi anayempokea mtoto mwenye homa usiku wa leo awe amekwisha kuelezwa matokeo yale, awe na mwongozo uliorekebishwa ukutani, na awe na oksijeni, damu na dawa za kuufuata. Hilo si la kuachiwa daktari wa zamu. Liko katika makadirio ya mwaka ujao wa fedha, na katika somo la sayansi la wiki ijayo.